Akili mnemba, picha za ubongo, usonji na ADHD: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kazi yangu ni kuchakata picha za ubongo za watoto, na mzazi akishajua hilo swali huwa ni lile lile, sasa si mtoto apigwe picha tu kompyuta iseme ana nini? Naelewa kabisa linatoka wapi. Mzazi amezunguka miezi, huku kaambiwa usonji, kule ADHD, yaani hali ya kukosa umakini na kutotulia, kwingine kaambiwa asiwe na wasiwasi mtoto atachangamka akikua, na amechoka, anataka mashine isiyo na upande imalize ubishi. Nimeyakusanya hapa maswali ninayoulizwa sana, mengine nimejibu kwa kirefu mengine kwa mkato.

Leo hii kuna kipimo cha picha ya ubongo kinachoweza kusema huyu ana usonji na huyu ana ADHD?

Hapana. Hakuna MRI, ile mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, hakuna EEG, kipimo cha umeme wa ubongo, wala hakuna programu ya akili mnemba (AI) inayoweza kusoma picha ya ubongo wa mtoto mmoja ikatoa jibu ambalo daktari atalisimamia bila kitu kingine. Usonji na ADHD bado vinatambuliwa kwa kumwangalia mtoto anavyocheza, anavyoongea, anavyoitikia akiitwa jina, na kwa kuwahoji kwa kina wanaoishi naye na walimu wake. Ukikuta mahali wanauza skani ya ubongo kwa ahadi ya kutambua usonji, pesa yako ibaki mfukoni, utaihitaji kwa ajili ya huduma zenyewe.

Mbona kila siku tunasoma AI imetambua usonji kwa asilimia tisini na kitu?

Hapa nitakaa kidogo maana ndo pameumiza watu wengi.

Chukua picha za watoto 60. Kila picha ukiifungua ndani ina namba laki kadhaa. Ukiipa kompyuta namba nyingi kiasi hicho na watoto wachache kiasi hicho, itapata tu kitu kinachowatenganisha, hata kama kitu chenyewe ni bahati nasibu. Ni kama mwanafunzi aliyekariri mitihani ya miaka iliyopita, ukimpa ile ile anapata mia kwa mia, ukimletea swali jipya anabaki kutoa macho. Modeli nyingi, yaani programu zilizofundishwa kwa picha, za asilimia 95 zimekariri, hazijaelewa, na hilo linajulikana siku zikiletewa watoto wa hospitali nyingine.

Kosa la pili ni baya zaidi kwa sababu halionekani kirahisi. Picha ya MRI ya kichwa ni kama kitabu chenye kurasa mia na kitu, kila ukurasa ni kipande chembamba cha ubongo. Sasa kuna watu wanachanganya kurasa zote za watoto wote, halafu wanazigawa, hizi za kufundishia na hizi za kujaribia. Maana yake ukurasa wa 70 wa mtoto fulani uko kwenye mafunzo na ukurasa wa 71 wa mtoto huyo huyo uko kwenye mtihani. Kompyuta haijatambua usonji hapo, imemtambua mtoto. Nikisoma utafiti wowote wa aina hii kitu cha kwanza natafuta ni sentensi inayosema waligawa kwa mtoto na sio kwa kipande cha picha, na nikiikosa naacha kusoma.

Ukitaka kujua hali halisi angalia data kubwa. Mwaka 2012 watafiti wa nchi mbalimbali waliunganisha picha zao kwenye hazina moja inaitwa ABIDE, ilikuwa na watu 1,112 kutoka vituo 17, wenye usonji 539 na wasio nao 573. Mwaka 2018 utafiti uliotumia mitandao ya neva ya kina, aina mojawapo ya akili mnemba, kwenye data hiyo ulipata usahihi wa asilimia 70 hivi. Kumbuka ukirusha shilingi unapata karibu 50. Kwa hiyo kitu kipo kwenye ubongo, sio kwamba hamna, ila hakitoshi kumwambia mama wa mtoto mmoja aliyekaa mbele yako. Na kwa ujumla kwenye fani hii idadi ya watoto ikipanda, asilimia zinashuka, jambo ambalo lingetakiwa kutushtua sote mapema.

Kwani kompyuta inaangalia nini hasa kwenye hizo picha?

Inategemea ni picha gani. MRI ya kawaida inaonyesha umbo, yaani unene wa gamba la ubongo, eneo lake, ukubwa wa sehemu za ndani kama amigdala na hipokampasi. Kuna MRI ya utendaji, hii inafuatilia oksijeni kwenye damu, sehemu ya ubongo ikifanya kazi damu yenye oksijeni inaongezeka pale, njia hii ilielezwa na Seiji Ogawa na wenzake mwaka 1990. Mtoto analala tu kwenye mashine dakika kadhaa bila kufanya chochote, halafu tunaangalia sehemu zipi zinapanda na kushuka pamoja, ndo tunaita miunganisho. Kuna aina ya tatu inafuatilia maji yanavyosambaa kando ya nyuzi za neva, unapata kama ramani ya barabara za ndani ya ubongo. Halafu kuna EEG ambayo sio picha kabisa, ni umeme wa ubongo unaosomwa na nyaya zilizobandikwa kichwani.

Akili mnemba kazi yake ni kuchukua hizo namba zote na kutafuta mpangilio. Haijui usonji ni nini. Inajua tu kwamba picha hizi zilikuja na lebo A na zile zilikuja na lebo B, na lebo zenyewe aliziandika binadamu baada ya kumwangalia mtoto akicheza. Hilo naomba lishike kichwani, kwa sababu watu wanadhani mashine inaona ukweli ambao daktari haoni, kumbe inachojifunza ni kuiga uamuzi wa daktari. Daktari akiwa amekosea, mashine inajifunza na kosa lake.

Shida kubwa ni kumtenganisha mtoto mwenye hali hizi na asiye nayo, au kutenganisha hali yenyewe na nyingine?

Hili ndo swali zuri kuliko yote. Tafiti nyingi zinalinganisha watoto wenye usonji na watoto wasio na tatizo lolote, lakini hakuna mzazi anayekuja kliniki na mtoto asiye na tatizo lolote! Anakuja na mtoto ambaye kuna kitu, swali ni kitu gani. Ni usonji? Ni ADHD? Ni kuchelewa kuongea tu? Ni ulemavu wa akili, au wasiwasi uliopitiliza, au masikio hayasikii vizuri? Modeli iliyofundishwa kusema ndiyo au hapana haijawahi kuulizwa swali hilo, na ukimpeleka mtoto mwenye ADHD peke yake inaweza kumwita mwenye usonji kwa sababu tu hafanani na wale wasio na kitu.

Na mipaka yenyewe imechanganyika. Watoto wengi wenye usonji wana dalili za ADHD pia. Zamani mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ulikataza kuandika vyote viwili kwa mtoto mmoja, ilibidi uchague, katazo hilo liliondolewa lilipotoka toleo la DSM-5 mwaka 2013. Sasa fikiria picha zilizokusanywa kabla ya hapo, za ABIDE ya kwanza zikiwemo, mtoto angeweza kuandikwa usonji na ADHD yake isiandikwe kwa sababu sheria haikuruhusu. Halafu leo tunaiambia kompyuta itenganishe hali ambazo lebo zake ziliandikwa hivyo. Kompyuta haina kosa hapo, sisi ndo tuliipa daftari lenye majibu nusu.

Mwaka 2020 watafiti wa Cambridge walijaribu njia nyingine. Waliacha lebo pembeni wakaiachia kompyuta ijipangie yenyewe picha za watoto 479, wengi wao wakiwa wameletwa kwa shida za kujifunza. Makundi yaliyotokea hayakufuata majina ya madaktari. Kilichoonekana kuwa na maana ni jinsi vituo vikuu vya ubongo vilivyounganishwa, watoto ambao vituo vyao vimeunganishwa vizuri walikuwa na shida moja mahususi au hawana kabisa, na wale wa miunganisho hafifu walikuwa na shida nyingi kwa wakati mmoja, iwe wameandikwa ADHD au disleksia, ile shida ya kusoma, au hawajaandikwa kitu. Mimi binafsi naona njia hii ina mwelekeo kuliko kung'ang'ania kutenganisha majina.

Nimesikia kuna mashindano ya dunia yalifanyika kuhusu ADHD, yaliishaje?

Yaliitwa ADHD-200, mwaka 2011. Vituo nane vilitoa data, 776 za kufundishia kompyuta, na kazi ilikuwa kutambua nani hana ADHD, nani ana ya kukosa umakini peke yake, na nani ana iliyochanganya na utukutu. Timu zikaleta hesabu nzito za picha za ubongo. Iliyofanya vizuri zaidi kwa kutumia picha ilipata asilimia 60 na nusu hivi.

Halafu timu ya Chuo Kikuu cha Alberta kule Kanada ikaacha picha zote, ikatumia kituo alikopimwa mtoto, umri, jinsia, mkono anaotumia, na alama za mtihani wa akili, basi. Ikapata asilimia 62 na nusu, juu ya kila aliyetumia picha. Na ungesema tu kila mtoto hana ADHD ungepata 55. Nikiwa na mwanafunzi mpya kwenye kazi hii namsimulia habari hii kabla hajagusa data yoyote, maana inakufundisha swali la kuuliza kila mara, je picha imeongeza nini juu ya vitu ambavyo tungevijua kwa kuuliza tu pale mapokezi?

Mtoto hatulii hata dakika moja. Picha itatokaje?

Mara nyingi haitoki, na hapa ndo pana mtego mkubwa.

Ngoja nikuelezee chumba kilivyo. Mtoto anafika, kwanza tunamuonyesha mashine ya mfano, bomba la kawaida lisilo na sumaku, tunampitisha mdoli wake kwanza halafu yeye. Tunacheza mchezo wa sanamu, ukitikisika umeshindwa. Tunamsikilizisha zile kelele, maana mashine halisi inagonga kama mtu anayetwanga bati, inaweza kupita desibeli 100, kwa hiyo plagi za masikio na hedifoni juu yake ni lazima. Halafu anaingia. Mimi nimekaa upande wa pili wa kioo naangalia mstari kwenye skrini unaoonyesha kichwa kimesogea milimita ngapi. Kuna kijana wa miaka sita alitulia vizuri kabisa, kwa macho kichwa hakisogei, lakini mstari ulikuwa unaruka ruka, kumbe vidole vya miguu vilikuwa vinafuata mdundo wa mashine na mwili mzima unavuta kichwa kidogo kidogo. Picha ikatoka na mawimbi mawimbi kama maji yaliyotupiwa jiwe.

Sasa mtego. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba hata kusogea kwa sehemu ya milimita kunabadilisha miunganisho inayoonekana kwenye MRI ya utendaji, ile ya karibu inaonekana imara kuliko ilivyo na ya mbali inaonekana dhaifu. Na hicho hicho ndicho kilikuwa kinatajwa kama alama ya ubongo wenye usonji, miunganisho ya mbali dhaifu! Watoto wenye usonji na wenye ADHD wanatikisika zaidi ndani ya mashine. Kwa hiyo sehemu ya kile kilichoitwa alama ya ugonjwa ilikuwa ni alama ya kutikisika. Ukiipa kompyuta data hizo bila kuzisafisha itakuwa hodari sana wa kutambua watoto wasiotulia, kitu ambacho mama yake ameshakijua kitambo.

Na ukisema basi tuwatupe wote waliotikisika, unabaki na watoto wenye dalili nyepesi tu, wale wazito ambao familia zao zina uhitaji mkubwa hawamo kabisa kwenye data. Mimi hili linaniuma kuliko hesabu zozote. Watoto wasioongea, wenye ulemavu wa akili, wanaoogopa kelele, hao hawaingii kwenye tafiti nyingi, halafu baadae tunasema tumepata alama ya usonji.

Kama mashine zote ni MRI, hospitali tofauti ina shida gani?

Kila mashine ina tabia yake. Kampuni tofauti, nguvu ya sumaku tofauti, mipangilio tofauti, kompyuta inazitambua mashine kirahisi kuliko inavyotambua hali ya mtoto. Ikiwa hospitali moja ilileta wenye usonji wengi na nyingine ikaleta wasio nao wengi, modeli itajifunza hospitali. Kuna njia za hesabu za kusawazisha, zinasaidia. Jaribio la kweli ni kuficha kituo kizima, ufundishe kwa vingine vyote, halafu ujaribu kwa kile kilichofichwa.

Watoto wachanga je? Nilisikia wanaweza kujua kabla ya mwaka mmoja.

Hapa kuna habari njema kiasi. Mwaka 2017 zilitoka tafiti mbili za kikundi kimoja cha Marekani kinachofuatilia watoto ambao kaka au dada yao tayari ana usonji. Ya kwanza ilipima eneo la gamba la ubongo mtoto akiwa na miezi 6 na miezi 12, ikaona kwa wale waliokuja kuwa na usonji eneo hilo lilitanuka kwa kasi katikati ya miezi hiyo, hata kabla dalili hazijaonekana wazi. Kompyuta ilinasa asilimia 88 ya waliokuja kupata usonji, na kati ya wote iliowataja asilimia 81 ilikuwa sahihi. Ya pili ilitumia MRI ya utendaji kwa watoto 59 wa miezi 6 wakiwa wamelala usingizi wao wa kawaida, 11 walikuja kuwa na usonji na kompyuta iliwapata 9, na wale 48 wengine wote ikawaacha sahihi.

Ni kazi nzuri na naiheshimu sana, ila soma namba vizuri, 11 ni watoto kumi na mmoja. Na wote ni wadogo wa watoto wenye usonji, ambao uwezekano wao uko karibu mmoja kati ya watano. Huwezi kuichukua ukaipeleka kwa kila mtoto anayezaliwa, na sababu iko kwenye swali linalofuata.

Kipimo kikiwa sahihi kwa asilimia 90 si kinatosha kabisa?

Tufanye hesabu pamoja, chukua karatasi. Watoto 1,000, tuseme mmoja kati ya 100 ana usonji, kwa hiyo wako 10. Kipimo kinanasa asilimia 90 yao, yaani 9. Waliobaki 990 hawana, kipimo kinakosea asilimia 10 yao, yaani 99 wanaambiwa wana usonji na hawana. Jumla walioambiwa ndiyo ni 108 na wenye usonji kweli ni 9. Mmoja kati ya kumi na wawili! Wazazi 99 wamelala macho bure.

Rudia hesabu hiyo hiyo kwa wadogo wa wenye usonji, ambapo ni 200 kati ya 1,000. Kinanasa 180, kinakosea kwa 80, kwa hiyo walioambiwa ndiyo ni 260 na 180 ni kweli, karibu asilimia 69. Kipimo ni kile kile, kilichobadilika ni nani anapimwa. Mtu akikutajia asilimia bila kukuambia aliwapima watoto gani hajakuambia kitu.

Lakini si kuna tofauti kwenye ubongo wa mwenye ADHD? Nilionyeshwa picha mbili, tofauti inaonekana kwa macho.

Tofauti ipo kwa wastani. Mwaka 2017 ushirikiano wa watafiti unaoitwa ENIGMA ulilinganisha watu 1,713 wenye ADHD na 1,529 wasio nayo, sehemu kadhaa za ndani ya ubongo zilikuwa ndogo kidogo kwa wenye ADHD, hasa amigdala, na tofauti ilionekana kwa watoto zaidi kuliko watu wazima. Kidogo hapo ni kidogo kweli. Ukichora vipimo vya makundi hayo mawili, mirundo inalaliana karibu yote, ukiokota mtu mmoja hujui ametoka rundo lipi. Zile picha mbili za kwenye mtandao, moja nyekundu na moja bluu, mara nyingi ni wastani wa kundi au watu waliochaguliwa kwa sababu wanapendeza kwenye slaidi. Mwaka 2022 jarida la Nature lilitoa utafiti unaoonyesha kwamba kuunganisha picha za ubongo na tabia za watu kwa uhakika kunahitaji maelfu ya watu, wakati tafiti za kawaida zilikuwa na watu kama 25.

EEG ya ADHD si ilishapitishwa?

Mwaka 2013 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, FDA, iliruhusu kifaa kinaitwa NEBA kwa umri wa miaka 6 hadi 17, kinapima uwiano wa theta na beta, aina mbili za mawimbi ya umeme wa ubongo. Kiliruhusiwa kama nyongeza kwa daktari aliyekwisha kumchunguza mtoto, sio kama kipimo kamili. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa neva cha Marekani kikatoa angalizo kwamba uwiano huo usitumike badala ya uchunguzi wa kawaida kwa sababu watoto wengi wangepewa jibu lisilo sahihi. Kwa hiyo kuruhusiwa sio sawa na kuthibitika, shika hilo.

Hakuna akili mnemba yoyote inayotumika kwa usonji basi?

Ipo, na haitumii picha za ubongo! Programu inaitwa Canvas Dx iliruhusiwa na FDA Juni 2021 kwa watoto wa miezi 18 hadi 72, inachukua majibu ya mzazi, video za mtoto akiwa nyumbani na majibu ya daktari. Kitu ninachokipenda ni kwamba inaruhusiwa kusema sijui, na kwenye majaribio yake karibu theluthi moja tu ya watoto ndo walipata jibu la ndiyo au hapana. Kwangu hiyo ni sifa. Nyingine inafuatilia macho ya mtoto anaangalia wapi akionyeshwa video. Ukiangalia mwelekeo huu unaona kwamba tabia ya mtoto bado inatoa taarifa nyingi kuliko sumaku yetu kubwa.

Sasa daktari ameagiza MRI kwa mwanangu, ananipotezea muda?

Hapana, usikatae bila kumuuliza anatafuta nini. MRI inaagizwa kukiwa na sababu, mfano degedege au kifafa, kichwa kikubwa au kidogo kupita kiasi, mtoto aliyekuwa anaongea akaacha, upande mmoja wa mwili dhaifu, au mabaka ya ngozi yanayoashiria ugonjwa fulani wa kurithi. Hapo anatafuta kitu kingine kinachoweza kuonekana. Lakini kama mtoto hana hata moja ya hayo na sababu ni kuona kama kuna usonji tu, uliza kwa upole, daktari, picha hii ikirudi safi utabadilisha nini? Mara nyingi itarudi safi, na picha safi haimaanishi mtoto hana usonji. Wapo wazazi walifurahi ubongo wake hauna tatizo wakaacha kliniki, wakarudi baada ya miaka miwili.

MRI ina madhara?

Haina mionzi kama eksirei au CT. La kufikiria ni nusu kaputi, kwa sababu watoto wadogo wengi kwenye hospitali za kawaida wanalazwa kwa dawa ndo watulie, na dawa hizo zinahitaji mtu wa usingizi aliyezoea watoto. Chuma chochote mwilini kitaje kabla ya kuingia. Na uwe tayari kwamba picha inaweza kuonyesha kitu kidogo kisichohusiana ambacho hakina madhara ila kitakutia hofu.

Wasichana?

Kwenye hazina kubwa kama ABIDE wavulana ni wengi mno. Modeli iliyofundishwa kwa wavulana inampima msichana kwa kipimo cha kaka yake, na wasichana tayari wanachelewa kutambuliwa kwa sababu wengi wanajua kuficha dalili zao. Swali lako kwa mtu yeyote anayekuletea kifaa liwe hili, mlijaribu kwa wasichana wangapi?

Kwa hiyo akili mnemba haina kazi kwenye picha za watoto?

Ina kazi kubwa sana, ila sio ile inayotangazwa. Inafupisha muda wa skani, mtoto aliyetakiwa kulala muda mrefu anaweza kumaliza mapema na pengine asihitaji dawa ya usingizi. Inasafisha picha zilizotikisika. Inapima ukubwa wa sehemu za ubongo kwa dakika chache wakati zamani mtu alichora kwa mkono siku nzima. Inasaidia kutafuta hitilafu ndogo za gamba la ubongo zinazoleta kifafa ambazo jicho linaweza kuzipita. Na mwaka 2022 watafiti walichapisha chati za ukuaji wa ubongo kutokana na picha zaidi ya 123,000 za watu zaidi ya 101,000, kama ile kadi ya kliniki ya uzito wa mtoto lakini ya ubongo. Hizo chati bado ni za utafiti, hata waliozitengeneza wamesema hivyo.

Nisubiri hizi teknolojia zikamilike ndo nimpeleke mtoto?

Usisubiri hata wiki. Kufundishwa kuongea, kucheza naye kwa kufuata anachokipenda, kupangilia siku yake ieleweke, kumpima masikio, vyote hivyo vinaanza kwa kuangalia mtoto anahitaji nini, hata kabla jina halijapatikana. Mtoto wa miaka mitatu asiyeongea anahitaji msaada wa kuongea, iwe mwisho ataandikwa usonji au kitu kingine.

Tulishapiga MRI, CD iko nyumbani. Naweza kuipakia kwenye tovuti za AI zinisomee?

Nakuomba usifanye hivyo. Picha ya MRI ya kichwa ina uso wa mtoto ndani yake, pua, macho, mdomo, programu ya kawaida inaweza kuuchora upya ukamtambua, ndo maana watafiti wanafuta uso kwanza kabla ya kushirikishana picha. Kufuta jina lake kwenye faili hakutoshi. Weka CD pamoja na ripoti yake ya maandishi, toa nakala moja uihifadhi kwingine maana CD zinaharibika, na mtoto akihamia kwa daktari mwingine mpelekee zote mbili. Na siku watafiti wakikuomba picha hiyo, waulize itakaa wapi, nani ataiona, uso wake utafutwa lini, na ukibadilisha mawazo utaitoaje. Wakikujibu hayo manne bila kuzunguka na ukaridhika, basi ukipenda wape, kwa sababu kama nilivyosema watoto kama wako ndo wanaokosekana kwenye data zetu.